Chaja ya Baba

Msinibembeleze. Nikilia huwa nina hasira, niacheni nilie.

Baba yangu, fundi Onesphory, alitengeneza redio hapa Kariakoo, kwenye chumba ambacho siku hizi wanauza makava ya simu. Redio ikiletwa inavuma, hakuifungua haraka. Alizima feni, friji la soda, taa, akawapigia kelele hadi majirani: "Zimeni kidogo, jamani!" Mvumo ukibaki, basi ugonjwa umo ndani ya redio. Mimi nilikaa kwenye kreti, namtazama. Ile harufu ya risasi ya kulehemu inayoyeyuka! Natamani niinuse hata leo.

Kazi yangu ndiyo hiyo hiyo. Natafuta maada giza, ile isiyoonekana ila uzito wake unazishikilia nyota. Huenda yenyewe ikigongana inatoa miale ya gamma. Darubini iliyoko angani inaleta picha, nami nazima kwenye picha kila chanzo kinachojulikana, kimoja kimoja. Nimezima miaka mitano. Mwezi uliopita mng'ao mmoja mdogo ukagoma kuzimika: labda ndiyo yenyewe.

Leo mchana tulikuwa tutume makala ya kuutangaza. Mwenzangu Samah akanipigia: "Jovitha, bonyeza bwana! Mkataba wako unaisha Juni. Hii ndiyo ajira yako."

Kidole kikiwa juu ya kitufe, nikamkumbuka Bi Mauza, jirani yetu. Aliwahi kuleta redio ya marehemu mumewe. Baba akazima mtaa mzima, mvumo ukabaki. Akamwambia imekufa, atupe. Akatupa. Jioni Baba akaiona chaja ya simu yake mwenyewe, imechomekwa chini ya meza; ndiyo iliyovumisha redio. Alikwenda kumpigia magoti, mzee mzima. "Nimezima vya watu wote," alimwambia, "changu nimekisahau."

Dunia yetu nayo inatoa gamma, na darubini inazunguka juu yake. Kipimo cha kuichuja miale hiyo ya Dunia nilikiweka mwenyewe mwaka wa kwanza, sikukigusa tena. Nikakibana, nikaendesha hesabu upya.

Mng'ao ukaondoka wote.

"Umefanya nini wewe?" Samah akafoka kwenye simu.

"Nimechomoa chaja," nikamjibu. Hakuelewa.

Basi, ajira ndiyo hiyo imekwenda. Nimekuja kusimama mbele ya makava ya simu kama chizi. Baba, ungekuwa hai ningekupigia. Ungenicheka kwanza, halafu ungenisogezea kreti, useme, "Haya, mama, tuanze upya."