Gari Lisilonguruma

“Toa koti, mzee,” Zaki mwenye kamera alisema. “Tunataka mwananchi wa kawaida.”

Masila alilitazama koti lake. Ndilo alilovaa kila Jumapili kwa miaka sita, na asubuhi hiyo mkewe, Mbula, alikuwa amelipiga pasi ya makaa ili mumewe asionekane wa kawaida mbele ya watu wa Nairobi. Alilivua, akalitundika kwenye tawi la mgunga kando ya barabara. Chini yake alikuwa na shati lililofifia, lenye kifungo kimoja cha rangi tofauti na vingine. Zaki alifurahi sana.

Zaki na mwenzake Mutheu walikuwa wametumwa na kampuni ya kuuza magari ya umeme. Serikali ilikuwa imepunguza ushuru wa magari hayo ili bei ishuke, na kampuni ilitaka tangazo la video upesi kabla washindani hawajaamka. Mutheu, dada wa mauzo, ndiye aliyeikumbuka Kyamwilu. Alizaliwa Muthetheni, na akiwa darasa la saba waliletwa hapa na mwalimu kutazama maajabu.

Maajabu yenyewe ni kipande cha barabara nje ya mji wa Machakos. Gari likizimwa hapo na giya kuwekwa nyutro, hupanda mlima lenyewe. Wasomi husema macho ndiyo yanayodanganywa. Wenyeji wana maelezo yao. Masila hakuwa na ugomvi na upande wowote. Kazi yake ilikuwa kuonyesha. Kwa miaka kumi na tisa aliwaelekeza wageni pa kusimama, akawaambia wazime, kisha akatembea kando ya gari likipanda huku ameinua mikono yote miwili, mtu asije akadhani analisukuma. Mgeni akiridhika alimpa chochote. Siku hizi mabega yalimuuma hata kanisani, na nyimbo za kuinua mikono aliwaachia vijana.

Walioridhika walikuwa wakipungua, na sababu ilikuwa imesimama mbele yake, nyeupe, inang'aa. Tangu ushuru upunguzwe, kila wikendi magari ya namna hii yalizidi kuja. Likizimwa, lilijifunga magurudumu likakaa pale pale. Likiachwa limewaka, lilipanda, lakini nani angeamini ni mlima unaolivuta wakati halina mngurumo hata kidogo? Wageni walicheka, wakapiga picha, wakaenda zao kutafuta nyama choma. Masila alikuwa amewangoja watu wa kampuni akidhani watamfundisha dawa ya jambo hilo.

“Hakuna dawa, nau,” Mutheu alisema kwa upole, akimwita baba kwa Kikamba. “Ukizima inajifunga. Imetengenezwa hivyo.”

“Sasa mtapiga picha ya nini?”

Mutheu alimtazama Zaki. Zaki ndiye aliyejibu.

“Mutheu ataendesha pole pole. Wewe utembee hapo kando, mikono juu vile unafanyanga. Ukifika kwa ile kona, uangalie kamera useme, ‘Imezimwa kabisa. Na vile ushuru imepunguzwa, hata mimi nitanunua.’ Ni hiyo tu.”

“Lakini haijazimwa.”

“Nani atajua, mzee? Haina sauti.”

Masila alilizunguka gari. Alikuwa na swali jingine, akaona heri aliulize lijulikane.

“Hii ni pesa ngapi?”

Mutheu alimtajia. Masila akafikiria shamba lake lote, na ng'ombe, na mabati ya nyumba, na bado alikuwa hajafika.

“Hiyo ni kabla ya kupunguzwa?”

“Ni baada, nau.”

“Aiee,” alisema Masila, akacheka mpaka akakohoa. Mutheu alicheka pia, halafu akaona haya, akajifanya anafuta kioo.

Angeweza kuondoka. Koti lilikuwa pale mtini na nyumbani hakukuwa mbali. Lakini malipo waliyokubaliana yalitosha kununua tangi la maji, kubwa, la plastiki, na Masila alikuwa amelifikiria tangi hilo mpaka likamchosha. Mifereji ya paa aliifunga mwaka juzi kwa mikono yake mwenyewe. Tangu hapo mvua ilishuka kwa mpango mzuri kabisa kutoka kwenye mabati na kumwagika chini, huku Mbula akiendelea kuteremka mtoni na mitungi, goti lake likilia kama mlango mbovu. Mawingu yalikuwa yameanza kukaa juu ya vilima vya Iveti. Kama tangi lingekosekana sasa, lingekosekana mwaka mzima.

Katika miaka yote hiyo watu walimwita mwongo, mchawi, wengine wakachungulia chini ya gari kutafuta kamba. Hakuwahi kukasirika, kwa sababu alijua anasema kweli. Hicho ndicho alichokuwa nacho. Ukweli wa Kyamwilu haukumtajirisha, lakini ulimfanya alale vizuri.

“Haya,” alisema.

Mara ya kwanza sauti haikutoka. Mara ya pili alisema “nitanunua” akitazama viatu vyake. Mara ya tatu alitembea mikono ikiwa juu, gari likiteleza kando yake kwa utiifu, na kwenye kona akatazama kamera na kusema maneno yote, vizuri, hata akatabasamu.

“Safi sana!” Zaki alipiga kelele. “Mzee, wewe ni muigizaji!”

Masila alishusha mikono. Lilimuuma neno hilo kuliko mabega.

Tangi lililetwa siku nne baadaye kwa pikapu. Mbula aliwaita majirani, akalifuta vumbi kwa kanga yake, akaomba. Tangazo nalo halikukawia. Jumapili hiyo jirani yao Ndambuki alimsubiri nje ya kanisa, simu mkononi, meno yote nje.

“Masila! Kumbe uko na pesa na umenyamaza! Hiyo gari yetu inafika lini? Mimi nikae mbele ama nyuma?”

Watu walicheka, na Masila akacheka nao. Ilikuwa mizaha ya watu wanaompenda, akaistahimili.

Jumamosi iliyofuata haikuwa mizaha. Mume na mke walifika Kyamwilu kutoka Athi River kwa gari jeupe la umeme. Walilizima kama tangazo lilivyosema. Likajifunga. Mume akaliwasha, akalizima tena, kisha akateremka na simu.

“Huyu si ni wewe?”

Masila alitazama. Mtu mwenye shati la kifungo kimoja tofauti alikuwa akitabasamu.

“Ni mimi.”

“Ilikuwa imezimwa?”

Nyuma yao gari kuukuu la petroli lilikuwa limesimama likisubiri zamu, limejaa familia nzima, kioo kimeshushwa, wote wanasikiliza. Masila aliona kwamba hapa akidanganya atadanganya daima.

“Haikuwa imezimwa,” alisema. “Huyo mama alikuwa anaendesha.”

Mwenye gari la umeme alitikisa kichwa, akamwambia mkewe, “Si nilikuambia?” Wakaondoka. Masila alikimbilia gari kuukuu.

“Yenu itapanda! Hii yenu iko na injini, mtasikia ikinyamaza. Zima, uweke nyutro. Ni ukweli mtupu.”

Dereva, mtu wa makamo, alimtazama kwa huruma, na huruma hiyo ilikuwa mbaya kuliko matusi.

“Wacha tu, mzee. Ni kazi, tunaelewa.” Akampa noti dirishani, akageuza gari.

Masila alibaki katikati ya barabara. Aliona aibu, aibu ya wazi, ya kutaka kujificha, na hapakuwa na pa kujificha.

Mvua ilianza Jumatano, ikanyesha siku tatu. Jumamosi adhuhuri ilikatika, jua likatoka, na kwenye barabara ya Kyamwilu yakaanza kusikika magari. Masila alikuwa ameketi kwenye kigoda mlangoni, viatu havijafungwa kamba.

Mbula aliinama kando ya tangi, akaligonga kwa kidole, akisikiliza. Akapandisha kidole kidogo, akagonga. Akapandisha tena, mpaka mlio ukabadilika, naye akaweka kiganja hapo na kucheka peke yake.

“Leo huendi?” aliuliza.

“Nimechoka kidogo.”

“Basi njoo uone. Maji imefika hapa, karibu na shingo yangu. Njoo ugonge mwenyewe, usije ukafikiri nakudanganya.”

Masila hakuinuka.

“Nakuamini,” alisema.

Mbula aligonga tena, juu kidogo ya maji.