Dira ya Mashua ya Baba

Fundi alikuwa amelala kifudifudi, kichwa na mikono vikiwa ndani ya kabati la chini ya kitanda, miguu ikiwa nje kwenye sakafu ya mashua. Alikuwa anafunga dira. Haikuwa dira ya mshale na kioo ya kutazama kwa macho. Ilikuwa kisanduku cheusi kinachotoshana na kipande cha sabuni ya kufulia, na kazi yake ilikuwa kuiambia mashine ya kujiendesha ni wapi mashua imeelekea. Mashine hiyo watu wa bandarini huiita nahodha wa umeme. Husukuma mkono wa usukani kwa mota yake, na wenye mashua hukaa wakanywa chai. Dira ya namna hiyo haipatani na chuma, kwa hiyo fundi aliiweka mbali na injini, akaifunga kwa skrubu za shaba, na saa yake na funguo zake alikuwa ameziacha kwenye ndoo juu ya gati.

Skrubu alikuwa anapewa na Msasa. Alimpa kabla hajaomba, na kila mara ilikuwa ndiyo yenyewe.

Msasa lilikuwa jina la utani la dada mkubwa wa mwenye mashua. Alilipata kwa haki. Tangu akiwa msichana alikuwa akiikwangua mashua ile kwa msasa kila mwaka kabla haijapakwa rangi, kwanza pamoja na baba yake, kisha peke yake magoti ya mzee yalipogoma. Viganja vyake vilikuwa vimekwaruzika kiasi cha kunasa nyuzi za vitambaa. Mchana alikuwa kwenye mashua, jioni alikuwa nyumbani kumwogesha baba na kumsomea gazeti, hata matangazo ya vifo, ambayo mzee aliyapenda kuliko habari za michezo. Baba alikuwa akisema, nikipona tutaipita rasi, mimi na wewe, hadi bandari ya pili, na usukani utashika wewe. Hakupona.

Baada ya maziko, familia ilikaa sebuleni, mashua ikapewa mdogo wake Msasa, kwa kuwa ndiye mwanamume. Msasa alikuwa jikoni akiosha vikombe vya hao hao waliokuwa wakiamua, akasikia yote kupitia mlango ulioachwa wazi. Hakuna aliyekuwa na nia mbaya. Hilo ndilo linaloudhi zaidi, maana mtu mwenye nia mbaya angalau unajua umshike wapi.

Mdogo mtu alikuwa mpole, mfanyakazi wa ofisini, mwepesi wa kucheka na mwepesi wa kuahidi. Tatizo lake ni kwamba akishika usukani, mashua ilitembea kama mtu anayetoka baa. Angeweza kumwomba dada yake amshikie. Alinunua nahodha wa umeme. Ila alikuwa amemwambia, tena mbele ya mama, "Safari ya kwanza tunakwenda wote, dada. Baba alikuahidi." Msasa hakuwa ameomba mashua. Aliomba safari hiyo moja. Alijinunulia koti la mvua la njano, akalikunja ndani ya begi, na begi akaliweka kwenye kabati la mashua wiki nzima kabla ya fundi kufika.

Dira mpya lazima ifundishwe. Mashua huzungushwa polepole kwenye maji yaliyotulia, mduara baada ya mduara, hadi dira ikijue chuma chote kilichomo ndani na izoee kukipuuza. Mdogo mtu alianza kuzungusha, miduara yake ikatoka kama viazi. Fundi akampa usukani Msasa. Yeye aliizungusha vizuri, macho kwenye maji, mkono mmoja tu, na kioo cha mashine kikaonyesha kwamba somo limeeleweka.

"Sasa tuipe kaskazini," alisema fundi, akabonyeza.

Usukani ulikwenda kushoto. Ukaenda zaidi kushoto, ukabaki huko. Mashua ikaanza kuzunguka palepale, bila haraka, kama mbwa anayetafuta namna ya kulala.

"Kuna chuma mahali," alisema fundi. "Toeni kila kitu."

Walirudi gatini wakatoa spana, sufuria, makopo ya maharagwe na nanga ndogo. Walitoa na spika ya muziki iliyokuwa nyuma ya mto, ambayo ina sumaku kuliko vyote, na ambayo mdogo mtu hakuitaja mpaka alipoulizwa mara ya pili. Mama yao alikuwa amekaa gatini kwenye kiti cha plastiki, mkoba mapajani, na kila kitu kilirundikwa miguuni pake hadi akaonekana kama muuza vyombo chakavu. Mdogo mtu alivua hata mkanda wa suruali. Fundi akatenganisha waya wa mota na waya wa dira, akabadilisha fyuzi, akahamisha dira upande wa pili wa kabati, wakatoka tena, wakafundisha tena. Mashua ikazunguka vilevile.

Njaa ilipowauma, walimshusha Msasa gatini akanunue mkate na soda kwenye duka la karibu na geti. Fundi hakutaka kusubiri. Alisogea na mashua katikati ya bandari, akabonyeza tena, na safari hii usukani ulitulia. Mashua ilinyoosha kwa utaratibu wote ikaelekea dukani. Fundi aliizima kabla haijafika ukutani.

Msasa alitoka na mkate kwapani, akatembea juu ya gati. Fundi akaiwasha. Pua ya mashua ikageuka taratibu, ikamfuata hatua kwa hatua hadi alipofika kwenye kiti cha mama yake.

"Inamfuata," alisema mama.

"Naona," alisema fundi.

Hakushangaa. Mwaka uliopita alikuwa ametengeneza redio ya mashua nyingine iliyokuwa ikipokea tu maongezi ya jikoni kwa mwenyewe, na dawa ikawa kubadilisha antena. Alichotaka ni kuhakikisha. Alimwomba Msasa aende kwenye pampu ya mafuta. Mashua ikaelekea pampu. Akamwomba aende nyuma ya karakana ya matanga, asikoonekana. Mashua ikaelekea karakana. Akamwomba, kama hatajali, apande kilimani hadi kwenye tangi la maji. Msasa alipanda, akiwa bado na mkate, na dira haikukosea hata kidogo. Aliposhuka na kuingia mashuani, ilianza tena kuzunguka palepale, na fundi akaizima, wakarudi gatini.

"Ukiwa ndani, imeshafika," fundi alimweleza. "Haina pengine pa kwenda."

"Kwa hiyo ni mbovu?" aliuliza mdogo mtu.

"Hapana, bosi. Ni nzima kabisa."

"Si uirekebishe basi."

"Naweza kurekebisha dira ikipotoka nyuzi chache. Hili si la nyuzi chache." Fundi alifuta mikono kwa kitambaa. "Sisi tulifundishwa kitu kimoja tu. Kinachoivuta dira, kitolewe chomboni."

Alipokwisha kulisema alitamani kulimeza. Lakini lilikuwa limeshatoka, na wote wakawa wanamtazama Msasa, aliyesimama kati ya makopo na sufuria.

"Izimeni," alisema Msasa. "Nitashika usukani mwenyewe. Naijua njia."

Alilisema kwa sauti ndogo. Lilikuwa jambo rahisi kuliko yote yaliyofanyika siku ile, na halikuhitaji hata bisibisi. Mdogo wake aliitazama mota, nyeupe, mpya, bado ina karatasi ya nailoni upande mmoja.

"Imeshafungwa, dada," alisema. "Na ofisini nimeshawaonyesha picha." Kisha akaongeza, kwa upendo, maana alimpenda kweli, "Halafu wewe umehangaika na hii mashua miaka yote. Sasa pumzika."

Msasa aliinama akaokota sufuria. Aliumia mahali ambapo alidhani pamekwisha kufa ganzi tangu siku ya vikombe.

Mama ndiye aliyepata ufumbuzi. "Mbona jambo lenyewe jepesi," alisema kutoka kwenye kiti chake. "Dada mtu atangulie kwa basi. Akisimama kwenye gati la bandari ya pili, mashua si itamfuata yenyewe? Wewe ndiye mkubwa, mwanangu. Msaidie mwenzio."

Mdogo mtu alifurahi sana. Alimkumbatia dada yake, akasema safari haitakuwa kitu bila yeye, na hilo lilikuwa kweli.

Fundi alipokuwa anakusanya vifaa vyake alimwita Msasa kando, akafungua kifuniko kidogo karibu na ngazi. "Dada, ikitokea siku umechoka, fyuzi yake ni hii nyekundu. Ukiichomoa, mashine haina tena la kusema. Inabaki mashua na mtu."

"Naijua," alisema Msasa. "Mimi ndiye niliyekupa."

"Ndiyo," alisema fundi. "Nimekumbuka." Alichukua saa yake na funguo zake kwenye ndoo, akaondoka, na inasemekana hakula vizuri siku ile.

Msasa alisafiri kwa basi asubuhi, begi mapajani. Basi lilipita nyuma ya rasi, kwa hiyo bahari hakuiona. Abiria wa pembeni yake alimuuliza kama anakwenda kutembelea ndugu, naye akajibu kwamba anakwenda kumpokea mdogo wake. Alipofika bandari ya pili alitembea hadi mwisho wa gati, akavaa koti la njano ingawa hakukuwa na wingu, akasimama.

Mchana aliliona tanga la mashua ya baba. Lilikuwa limejaa vizuri, na mashua ilikuja imenyooka kama iliyochorwa kwa rula. Mlangoni mwa bandari ile pana mwamba upande wa kushoto, na nafasi ya kupita si kubwa. Msasa aliona kwamba akisogea kidogo kushoto, mashua nayo itasogea. Nyuma yake palikuwa na kilima chenye ngazi za mawe. Akizipanda tu, bila kumsemesha mtu, mashua ya baba yake ingemfuata hadi pale inapoweza kufika. Alikitazama kilima kile kwa muda, na hasira aliyokuwa nayo ilikuwa ya haki. Kisha akamwona mama yake amekaa nje ya kabini na kikombe mkononi, ameinua uso juani, macho amefumba.

Akasimama palepale. Mguu ulimfa ganzi, hakuusogeza.

Mashua ilipita pembeni ya mwamba, ikaja hadi miguuni pake. Mdogo wake alimrushia kamba, naye akaidaka, akaifunga kwa fundo alilofundishwa na baba yake.

"Safari nzuri ajabu, dada," alisema mdogo mtu akiruka gatini. "Sikugusa usukani hata mara moja. Tulikula, tukalala kidogo. Mama ameimba."

"Nimefurahi," alisema Msasa.

"Tumeona tuendelee. Kuna bandari nyingine mbele, wanasema ni nzuri kuliko hii. Umeangalia basi la kwenda huko linaondoka saa ngapi?"

Msasa alisema ataangalia. Kabla ya hapo aliomba apande kidogo afute chumvi. Mdogo wake alizima umeme wa mashua kwanza, kama fundi alivyoelekeza, ndipo akamsaidia kupanda kwa kumshika mkono kama mgeni. Msasa alifuta reli, akafuta madirisha, akafuta mkono wa usukani, na hapo kwenye usukani alikawia. Kifuniko cha fyuzi kilikuwa karibu na goti lake. Alikifuta nacho, akakiacha kimefungwa.

"Shuka ukapumzike, mwanangu," alisema mama. "Kesho una safari."

Alikwenda kulala nyumba ya wageni iliyo juu ya barabara, wao wakalala mashuani, wakawasha umeme kwa ajili ya taa. Asubuhi mdogo mtu alizikuta kamba za gatini zimekaza hadi zinalia. Mashua ilikuwa imejivuta upande wa nyumba ya wageni, pua imeelekea dirisha la pili kutoka mwisho, na usukani umekunjwa wote upande huo. Alizilegeza kamba kidogo ili zisikatike. Kisha akapanda hadi kwenye nyumba ile, akagonga dirisha la pili kutoka mwisho, akamwambia dada yake afanye haraka, basi halingoji mtu.