Bingwa Upande wa Msaidizi

Mama Pacha alipomwona Bingwa akinawa mikono kwenye sinki la pili, roho ilimruka. Mtu mzima, daktari bingwa wa upasuaji wa moyo, aliyesoma miaka na mikaka, leo tena amekuja kumshikia chuma cha kupanulia tumbo? Kumshikia yeye, daktari wa upasuaji wa jumla, wa majipu, ngiri na vidole tumbo?

"Mama Pacha, leo tena nikusaidie?" Bingwa aliuliza, povu limemfika viwikoni.

"Karibu, mkuu," alijibu, huku moyoni akisema: unatafuta nini wewe?

Mumewe, fundi seremala asiyejua kuficha neno, alikuwa keshatoa hukumu yake. "Huyo anakuchimba. Ukiteleza kidogo tu anakusemea, na ile kazi utaisikia redioni."

Ile kazi! Hospitali mpya, jirani kabisa na nyumbani kwake, ilitaka daktari wa upasuaji mmoja tu, wa jumla, wa kupokea kila atakayeletwa. Mama Pacha aliiomba kwa moyo wote. Huku alikokuwa alilala kwenye nyumba za watumishi, na mapacha wake walishafika mahali pa kumwita "mama wa Jumapili". Wanacheka, naye anacheka nao, kisha anajifungia bafuni. Wenzake waliokwenda kusomea ubingwa walimtania sana alipobaki na ujumla wake. Sasa ujumla umepata soko, na huyu mkubwa haondoki mezani pake.

Mgonjwa alikuwa dereva wa trekta, tumbo limevimba na kukaza kama ngoma. Mtu wa dawa ya usingizi akaitikia kwa kichwa, Mama Pacha akapasua. Utumbo ulikuwa umejisokota, umegeuka rangi ya zambarau iliyoiva. Akausokotoa polepole, akaufunika kwa vitambaa vilivyoloweshwa maji ya chumvi ya vuguvugu, akaweka viganja juu yake, akatulia.

Bingwa alikuwa amekodoa macho kwenye vile vidole kama anayekariri njia.

"Unakata wapi?"

"Sikati. Tunasubiri."

"Tunasubiri nini?"

Muuguzi wa vifaa akainua nyusi juu ya barakoa. Mama Pacha naye akaganda. Mtu aliyekuja kukagua angeuliza mbona unachelewa. Huyu alikuwa hajui, au alishasahau, kwamba utumbo uliokabwa unaupasha joto kwanza uone kama rangi inarudi, usije ukakata kilicho hai. Basi hakuja kumchimba. Amekuja kuchota!

Shaka yake haikuondoka, ilihama kiti tu.

"Mkuu, chumba chako cha moyo kinaendeleaje?"

"Mashine imekufa, imefunikwa turubai. Siku hizi napima presha tu. Na kila ninapoomba kazi naambiwa wanataka wa jumla."

"Na hospitali mpya umeomba?"

"Nimeomba."

"Haa!" muuguzi akaguna. "Kumbe mwizi tumemvalisha glovu wenyewe!"

Mama Pacha alihisi masikio yanawaka. Angeweza kumtoa nje, na nani angemlaumu? Au angenyamaza, afanye harakaharaka, mtu aondoke na nusu ya alichokiona. Lakini huenda jina lile kubwa peke yake likampa kazi. Hapo nusu hiyo ndiyo ingeingia matumboni mwa majirani zake, pengine mwa mapacha wenyewe.

Akafunua vitambaa. Utumbo ulikuwa umerudia rangi yake, isipokuwa kipande kifupi kilichobaki cheusi.

"Hicho ndicho kisichopona," alisema. "Nipe chuma. Zunguka upande wangu, ukate na kuunga wewe."

"Mama Pacha... na usaili wa Alhamisi?"

"Tutakutana huko huko, na sitakuachia hata kiti cha kukalia. Nikiulizwa nitasema haya yote nimekufundisha mimi. Sasa hivi tuna tumbo la mtu. Anzia hapo. Siyo hapo, baba! Hapo!"

Bingwa akasogeza mkasi. Mama Pacha akainama mpaka kofia zao zikakaribia kugusana, akaikazia macho mikono ile ambayo hakuiamini hata chembe.