Mtunza Kitabu

Chama chetu cha siri kina kitabu kimoja cha taratibu za kuapisha wageni wanaojiunga, na mtunzaji wake ni mimi. Nilikula kiapo kwamba asiye mwanachama hatakitia machoni. Mke wangu nilimwambia ni maelekezo ya kutengeneza pampu ya maji. Akaitikia, "Haya, baba," akaendelea kupiga pasi.

Jumamosi tulimwapisha shemeji yangu, mdogo wake mke wangu, fundi seremala. Nilimfunga kitambaa machoni, nikamzungusha ukumbini mara tatu mbele ya wanachama wote. Kitabu nilikiacha nyumbani kwa makusudi, kwa maringo yangu tu. Miaka tisa nimeyasema maneno yale, nikisome cha nini?

Tulipofika mbele ya mwenyekiti, maneno yakayeyuka. Nikakohoa.

Shemeji akaniinamia, macho yamefungwa vilevile. "Sema, 'Huyu amekuja kwa miguu yake mwenyewe,'" akaninong'oneza. Lakini mnong'ono wa mtu aliyezoea kushindana na msumeno! Ukumbi mzima ulisikia.

Mwenyekiti akavua miwani. "Mgeni ameyajulia wapi haya?"

"Dada kanikaririsha wiki nzima," shemeji akajibu kwa fahari. "Alisema shemeji msahaulifu, nisimwache aumbuke."

Hakuna aliyecheka. Afadhali wangecheka. Nilivua mwenyewe joho langu la utunza kitabu kabla sijaambiwa.

Nyumbani, mke wangu hakuinua macho kwenye pasi.

"Vipi, mume wangu," akauliza, "pampu imewaka?"