Foleni ya Wazima na Marehemu

Tangu saa mbili asubuhi kompyuta ya hospitali ilikuwa inazungusha kiduara chake, na sasa ni saa sita kasorobo. Daktari wa macho huja hospitali ile mara moja kwa miezi sita, na ikifika saa sita hajaita mtu, anaondoka. Bila orodha ya wagonjwa kutoka kwenye kompyuta hiyo haiti mtu. Na pale kwenye benchi alikuwepo dada mkubwa wa Bibi Kadi, macho yote mawili yamezibwa na mtoto wa jicho, ameshika fimbo kama askari wa zamu.

Bibi Kadi alitunza kadi za wagonjwa miaka thelathini, mpaka kabati lake liliposukumwa stoo. Akamsogelea fundi wa kompyuta. Wauguzi walimwita Profesa. Mwenyewe alidhani ni heshima.

"Mwanangu, inafanya nini humo ndani? Ina uchungu wa kuzaa?"

"Inapanga, mama." Profesa alilegeza tai. "Nimetengeneza mwonekano. Ni kama dirisha la kuchungulia rekodi. Ukilifungua tu, linawapanga wagonjwa wote kwa tarehe."

"Wote wa leo?"

"Wote wote! Tangu hospitali ifunguliwe. Laki nne. Kisha linachomoa kumi wa leo, nesi anawapanga tena kwa saa zao."

"Na ule mpango wa kwanza?"

"Ule... unapotea."

Bibi Kadi alimtazama kama anayemtazama mtu akichota maji kwa pakacha.

"Marehemu mume wangu naye yumo?"

Profesa alikohoa. "Yumo."

"Maskini! Na alivyochukia foleni!"

Wauguzi walishika mbavu. Dada naye akadakia kutoka kwenye benchi: "Marehemu wakishamaliza, na sisi wazima tutaitwa?"

"Sikiliza, baba," alisema Bibi Kadi. "Mimi sikumwaga kabati zima sakafuni kutafuta kadi kumi. Kadi ikiletwa, inaingia droo ya siku yake. Asubuhi navuta droo moja, naweka kumi mezani, hapo ndipo napanga."

"Mfumo una kanuni zake, mama."

"Na daktari ana gari lake. Dereva keshawasha."

Profesa alichungulia nje. Kweli. Akaufuta ule mpango ndani ya mwonekano. Akatengeneza faharasa ya tarehe za miadi, yaani droo zilezile zimevaa suti, akaomba wa leo tu, wapangwe mwishoni. Hata hajainua kidole, majina kumi hayo! Dada alikuwa wa tatu, akapasuliwa macho mchana huohuo.

Kesho yake bandeji zilipofunguliwa, kitu cha kwanza dada alichoona kilikuwa Profesa akipigwa picha ukumbini, cheti mkononi.

"Yule mwenye tai ni nani?"

"Mvumbuzi wa droo."

Dada akamgeukia mdogo wake, akamkagua toka utosini hadi kwenye ndala.

"Na wewe, mbona umezeeka hivi? Si bora mngeniacha kwenye foleni na shemeji!"