Unyoya wa Hakimu Ambrose

Jengo jipya la mahakama lilipewa jina la marehemu kaka yake, na kwa hilo Delima hakuwa na neno. Kilichomkera ni kabati la kioo pale mlangoni. Ndani yake ulilazwa unyoya wa tai ambao Ambrose aliutumia miaka yote ya uhakimu wake. Aliwakalisha watu duara, kwa desturi ya watu wake Waanishinaabe, wenyeji wa asili wa Amerika Kaskazini, unyoya ukapita mkono kwa mkono. Aliyeushika alisema, wengine wakasikiliza, awe mshtakiwa au polisi.

"Mbona lina kufuli?" Delima aliuliza.

"Ni kwa usalama, mama," alijibu Prentice, afisa wa itifaki.

"Kaka yangu kahangaika maisha yake yote kuwatoa watu wetu jela, leo mmemfunga yeye. Na dhamana mmemnyima?"

Prentice alicheka, akajikuta anacheka peke yake.

Verna, binti wa Ambrose, alikuwa kando yao. Jumatatu angetoa ushahidi humo humo kuhusu mwanawe Danika, aliyefia mahabusu akiomba dawa yake ya pumu. Verna aliomba aape kwa unyoya wa baba yake. Karani akamjibu kwamba ule sasa ni wa maonyesho.

"Shangazi, yaishe. Nitashika hiyo Biblia yao."

"Hayaishi."

Hotuba za uzinduzi zikaanza. Waziri alilisifu duara la Ambrose kana kwamba amewahi kuketi ndani yake. Kisha Prentice akatangaza: "Tumkaribishe dada wa marehemu aseme nasi, kwa desturi ile ile."

Delima alisogea kwenye kipaza sauti, akanyoosha kiganja kitupu, akanyamaza.

Watu walidhani anasali. Baadaye wakaanza kukohoa. Prentice akamnong'oneza: "Mama, tafadhali, muda."

"Si umesema desturi? Sina unyoya, sina neno. Nangoja." Ukumbi mzima ulisikia.

"Ngoja tu, dada!" mzee mmoja alidakia kutoka safu ya nyuma. "Hawa wametungojesha tangu enzi za babu zetu. Leo zamu yao."

Kicheko kikapasuka. Kamera zikamgeukia waziri. Waziri akamtazama Prentice, naye Prentice akatoka mbio kutafuta ufunguo.

Delima aliupokea unyoya. Aliteremka, akamwekea Verna mkononi.

"Shika. Jumatatu nenda nao. Atakayeutaka aje kwangu."

Verna alisimama. "Mwanangu," alianza. Waziri alikuwa ameshainuka, anafunga vifungo vya koti.

"Kaa, mheshimiwa," alisema yule mzee, safari hii bila mzaha. "Kuna mtu anasema."

Waziri akakaa. Verna akaanza upya, kwa kutaja jina la mwanawe.