Ng'ombe Apandishwa Ghorofani Kujibu Mashtaka

Shangazi aliapa kwamba leo hatoki ofisi ya chama cha wafugaji mpaka jina lake lisafishwe. Wiki nzima watu walikuwa wakimwita Mama Bomba, ati anatia maji kwenye maziwa. Yeye, jamani, ambaye hata chai nyepesi haimpiti kooni! Kamati ilikataa kumfuata zizini, basi akamleta ng'ombe wake ghorofani. Ng'ombe alipanda ngazi bila wasiwasi, akifuata kipande cha mkate.

"Mkamueni wenyewe," Shangazi akasema, mikono kiunoni. "Mtafute hilo bomba liko wapi!"

Mwenyekiti akasogeza meza, mweka hazina akashika mkia. Mpimaji wa maziwa akakamua, akayatia maziwa kwenye mashine yake, akakuna kichwa. Mafuta yalikuwa kiduchu, vilevile kama jana.

"Mnaona? Haya, niombeni radhi!"

"Hakuna ajabu hapa," mpimaji akasema. "Huyu kazaa juzijuzi tu. Sasa ndio anamwaga maziwa, na yakiwa mengi hivi, mafuta hupungua. Na wewe Shangazi, unamlisha nini?"

"Mkate na pumba, mwanangu. Mzazi nimpe nyasi?"

"Mpe nyasi! Bila nyasi mafuta yatatoka wapi? Maziwa ya ng'ombe wa mwenyekiti ni mazito kwa sababu anakaribia kukauka. Siku hizi anatoa kikombe."

Mwenyekiti hakufurahia kikombe chake kutangazwa. Akakohoa.

"Kwa hiyo maziwa ni mepesi, na Shangazi hana kosa."

"Hana."

"Sasa aliyeyafanya mepesi ni nani?"

Mpimaji akamtupia jicho ng'ombe, akajuta palepale. "Ni ng'ombe, lakini..."

"Tumemnasa!" Mwenyekiti akapiga meza.

Kamati nzima ikampa Shangazi mkono wa pole. Alicheka huku machozi yakimtoka, maana aibu ya wiki nzima si mchezo. Alipokuwa anafuta macho, mwenyekiti akatangaza adhabu: mwanachama akichakachua maziwa husimamishwa mwezi mmoja, ila mnyama akichakachua hupelekwa buchani siku hiyohiyo.

Mpimaji akapiga kelele kwamba nyasi zingemaliza mambo yote. Nani amsikilize? Mikono ilishanyooshwa, kura zimepita, na mweka hazina alikwisha kuacha mkia na kushika kamba.

Shangazi akamtazama ng'ombe wake. Alikuwa analamba pazia la ofisi, hana habari. Moyo ukamuuma Shangazi.

"Mwacheni," akasema. "Maji nilitia mimi."

"Wewe?"

"Mimi. Kila asubuhi."

"Na haya tuliyokamua hapa mbele yetu?"

"Hata hayo."

"Saa ngapi, Shangazi?"

"Mlipokuwa mnahangaika na mkia."

Wanakamati wakatazamana. Mpimaji akafungua mdomo, Shangazi akamkanyaga mguu.

Mwenyekiti akasimama, akashusha pumzi kama mtu aliyetua gunia, akaanza kupiga makofi. Wenzake wote wakafuata, wakimpongeza Shangazi kwa kusema kweli.